Kilibeba Nini Kabla? Vyombo Chakavu, Taka za Jikoni na Bustani ya Mpangaji

Katika miji yetu chombo hakitupwi kwa sababu tu kimemaliza kazi yake ya kwanza. Dumu la lita 20 lililofika dukani na mafuta ya kula, mafuta yakiisha linauzwa tupu. Mnunuzi analichotea maji miaka kadhaa. Mfuniko ukipotea na mkono ukikatika, linahamia kwenye ujenzi, linakatwa shingo na kubebea mchanga. Pipa la chuma la lita 200 linagombewa na mafundi wanaogonga majiko na masanduku, Gerezani kwa Dar es Salaam na Gikomba kwa Nairobi. Tairi lililoisha lina wateja wake, maana ndilo linalotoa katambuga za Tanzania na akala za Kenya. Hata chupa ya maji ya kunywa ina anayeiokota, akaipima kwa kilo na kuiuza. Bustani ya nyumbani huja mwisho kabisa wa foleni hiyo. Inapokea kilichopasuka kitako, kilichotoboka, kisichoshika tena maji.

Kwa mboga, kupasuka si hasara, kwa kuwa chombo cha kupandia lazima kitoboke. Shida iko kwenye safari ndefu ambayo chombo kimepitia kabla ya kufika uani. Anayelima kwenye vyombo chakavu anarithi kila kitu kilichowahi kukaa ndani yake. Na akishapata chombo salama, bado ana nusu ya kazi tu, kwa sababu kinachokosekana mjini kuliko vyombo ni udongo wenye rutuba. Nitaeleza kwa nini naamini kwamba mtu anayetaka bustani ya ndoo na magunia anapaswa kuanza na ndoo ya taka za jikoni, kisha ndoo ya mchicha ifuate.

Kwanza tuseme bustani hii ni ya nani. Wengi wanaoandika kuhusu kilimo cha mjini humfikiria mwenye kiwanja. Lakini Manzese na Tandale kwa Dar es Salaam, au Mathare na Kibera kwa Nairobi, anayehitaji mboga ya karibu ni mpangaji wa chumba kimoja. Ana haki ya kupita uani, ya kuanika nguo, pengine ya kuweka jiko mlangoni. Ardhi si yake hata shubiri. Akichimba tuta, mwenye nyumba atalihesabu kuwa lake siku ya kuhama, kama hatalikataza siku hiyohiyo. Akipanda kwenye ndoo kumi, ndoo hizo ni mali yake kama vilivyo kitanda na meza. Kodi ikipanda zinapakiwa kwenye guta na mchicha wake unahama naye. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu vyombo, kubwa kuliko hata kuokoa plastiki isiende jalalani: vinampa asiye na ardhi shamba asiloweza kunyang'anywa.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Udongo wa mabondeni mjini mara nyingi umechafuka. Mboga zinazolimwa kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, zimepimwa zaidi ya mara moja na kukutwa na metali nzito. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi madini ya risasi katika udongo na katika damu za watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mtu anayeishi mahali kama hapo hana namna ya kuisafisha ardhi kwa mikono yake. Anachoweza ni kuipandisha bustani juu yake, ndani ya chombo chenye udongo ambao anajua umetoka wapi.

Ila faida hiyo inapotea yote pale chombo chenyewe kinapokuwa na sumu. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya ndoo, dumu au pipa ni hili: kilibeba nini kabla?

Kilichobeba chakula ndicho bora. Dumu la mafuta ya kula, ndoo ya siagi ya mikate kutoka kwa waoka mikate, ndoo ya achari au ya tomato kutoka hotelini, kiroba cha unga au cha sukari: hivi vinahitaji maji ya moto na sabuni basi. Ukigeuza chombo cha plastiki utakuta kwenye kitako alama ya pembetatu yenye namba. Namba 2, 4 na 5 ni plastiki tulivu. Madumu na ndoo nyingi ziko humo. Namba 1 ni ile ya chupa za maji na soda, nyepesi, hukauka na kukatika juani, inafaa kwa miche ya wiki chache. Namba 3 na 6 ningeziacha. Lakini namba inaeleza plastiki tu, haielezi kilichokaa ndani. Dumu lenye namba 2 likiwa lilibeba dawa ya kuulia wadudu, namba haikuokoi.

Hapo nasema bila kulegeza: chombo cha kiuatilifu hakirudi nyumbani kwa kazi yoyote. Mwongozo wa kimataifa wa FAO na WHO kuhusu viuatilifu unataka kopo tupu lisuuzwe mara tatu, litobolewe ili lisitumike tena, kisha likabidhiwe kwa wanaohusika. Kusuuza kule ni kwa ajili ya usalama wa anayelibeba na anayelikusanya. Plastiki hunyonya sehemu ya dawa ndani ya ukuta wake, na sabuni haifiki humo. Kutokuwa na harufu si ushahidi wa usafi. Vilevile makasha ya betri za magari, yanayopendwa kwa sababu ni ya mraba na yanapangika vizuri ukutani, yana mabaki ya risasi na tindikali. Yarudi kwa wanaokusanya betri. Makopo ya rangi ya mafuta na madumu ya oili ya gari yafuate njia hiyohiyo ya kukataliwa. Ndoo ya rangi ya maji naiachia maua, kwani rangi hizo huwekewa dawa za kuzuia ukungu na sioni sababu ya kuzipa nafasi kwenye mboga.

Tairi linanipa kazi kidogo kuliamua. Linadumu, linapendeza likipakwa rangi, na shule nyingi hulipandia maua getini. Mpira wake una zinki na kemikali za mafuta zinazotoka polepole, zaidi tairi linapochakaa. Kwa maua na miti ya kivuli sina pingamizi. Kwa mboga za majani, ambazo tunakula jani lenyewe, natafuta chombo kingine. Kuhusu mapaleti ya mbao yanayotoka bandarini Dar es Salaam na Mombasa, tazama muhuri uliochomwa pembeni: herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, na zinafaa, herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, nazo zisiingie bustanini.

Kati ya vyombo vyote, gunia ndilo lililopata historia ya kueleweka katika kanda yetu. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, masoko yalichomwa, njia zikafungwa na mboga zikapanda bei Kibera. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités likaeneza kilimo cha magunia humo. Mtindo wake ni mwepesi ukiuona, na una akili nyingi ndani. Gunia linasimamishwa, linawekewa udongo shubiri moja. Katikati unasimamisha mkebe wa kilo mbili uliotolewa kitako, unaujaza kokoto. Unajaza udongo kuuzunguka hadi ulingane na mdomo wa mkebe, kisha unauvuta mkebe juu. Kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Unaujaza tena, unavuta tena, mpaka gunia lijae. Kisha unatoboa tundu ubavuni kila baada ya shubiri na kuchomeka mche wa sukuma wiki au wa mnavu. Maji yanayomiminwa kwenye nguzo ya kokoto yanashuka na kusambaa hadi chini, badala ya kulowesha juu na kuacha katikati pakavu. Nafasi ya gunia moja pale chini haizidi ya kiti, lakini mimea imeota juu na pande zote.

Nguzo hiyo imezaa dhana potofu kwenye ndoo. Watu hutandika kokoto kwenye kitako cha ndoo wakiamini maji yatatoka upesi. Maji hayafanyi hivyo. Udongo laini huyashikilia yasishuke kwenye kokoto mpaka udongo ule wa chini umejaa kabisa, kwa hiyo tabaka la kokoto linapandisha tope karibu na mizizi na kukunyang'anya kina. Kwenye gunia kokoto zimesimama wima na kazi yake ni kupeleka maji. Kwenye ndoo zimelala na zinayazuia. Toboa ndoo matundu sita au manane chini, yazibe juu kwa kipande cha gunia ili udongo usimwagike, na jaza udongo mtupu kuanzia kitako.

Gunia nalo lina mwisho wake. Viroba vya siku hizi ni nyuzi za plastiki, na jua letu huzila. Baada ya mwaka au miwili nyuzi zinaanza kumeguka ukizishika, na vipande vinaingia kwenye udongo uleule unaoutunza. Hamisha udongo kabla hujafika hapo. Jua linatesa pia vyombo vyeusi: ndoo nyeusi ikipigwa na jua la mchana la Dar es Salaam, udongo uliogusana na ukuta wake unapata joto la kuunguza mizizi. Ipake chokaa nje, au izibe kwa ndoo nyingine mbele yake. Na kabla ya kupanga ndoo barazani ghorofani, kumbuka kwamba ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inakaribia kilo 25 hadi 30. Kumi za namna hiyo ni zaidi ya robo tani.

Sasa twende kwenye nusu ya pili, iliyo ngumu. Ndoo kumi zinahitaji lita 200 za udongo. Utazitoa wapi? Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni mchanga wa pwani, unaopitisha maji na mbolea kwa pamoja. Udongo mwekundu wa kuchimbwa unakauka ukawa tofali ndani ya ndoo. Wapo wanaonunua udongo mweusi kwa wauza maua, na sehemu ya udongo huo huchotwa misituni na mabondeni, maana yake bustani moja inastawi kwa kukwangua pengine. Samadi inapatikana kwa mwenye usafiri, kwa mfano karibu na mnada wa ng'ombe wa Pugu, lakini mpangaji hana gari. Alichonacho kila siku, bila kukosa, ni taka za jikoni.

Zaidi ya nusu ya taka zinazotoka majumbani katika miji ya Afrika Mashariki ni mabaki ya vyakula na majani. Ndiyo maana madampo kama Dandora la Nairobi na Pugu Kinyamwezi la Dar es Salaam yananuka na kufuka moshi: maganda yaliyozikwa bila hewa yanatoa methani. Maganda hayohayo, yakiozeshwa penye hewa, ndiyo udongo unaotafutwa.

Chombo cha kuozeshea kinaweza kuwa ndoo yoyote iliyobeba chakula, yenye mfuniko. Itoboe pande zote na chini, matundu ya unene wa penseli. Iinue juu ya matofali mawili. Weka chini majani makavu, maranda au boksi lililochanwa, unene wa kiganja. Kila siku ongeza maganda ya ndizi, ya mihogo, ya viazi, machicha ya nazi, majani ya chai, mabaki ya mchicha, vyote vimekatwakatwa. Juu yake funika kwa vikavu mara mbili ya ulichoweka. Kipimo cha vikavu ndicho kinachowashinda wengi. Ndoo inayonuka imekosa vikavu, hakuna fumbo zaidi ya hapo. Chukua konzi moja uiminye: ikitoa tone moja au mawili iko sawa, ikichuruzika ongeza maranda, isipotoa kitu nyunyiza maji. Kwa anayepikia mkaa, chenga zinazobaki chini ya gunia zina thamani humo. Zinanyonya unyevu na kushikilia virutubisho ambavyo mchanga wa pwani ungeviacha vipite. Jivu tia kidogo tu, kwa sababu likizidi linaufanya udongo kuwa na alkali kupita kiasi.

Vitabu vingi vinaahidi mboji yenye joto la nyuzi 55 hadi 65, linaloua mbegu za magugu na vijidudu. Ahadi hiyo ni ya lundo la mita moja kila upande. Ndoo ya lita 20 ni ndogo mno. Joto linatoka ubavuni kabla halijakusanyika. Inaoza baridi, kwa miezi mitatu hadi sita, na haiui kitu. Kwa hiyo kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa, mabaki ya mmea uliougua yasiingie, na usishangae miche ya nyanya na mapapai kuchipua yenyewe. Mifupa, samaki na wali uliolala huita panya, na panya mmoja tu anatosha kuwafanya wapangaji wenzako wadai ndoo iondoke.

Ndoo iliyojaa hadi mdomoni hushuka ikabaki kama theluthi. Theluthi hiyo, ikichanganywa na theluthi ya mchanga au udongo wa kawaida na theluthi ya majani makavu yaliyooza nusu, inajaza ndoo moja ya kupandia. Kwa maneno mengine, ndoo moja ya taka inazaa ndoo moja ya bustani. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini ndoo ya taka itangulie. Anayeanza na vyombo kumi vya kupandia atalazimika kununua udongo, atachoka, na vyombo vitarudi kuwa takataka uani. Anayeanza na ndoo ya kuozesha anapanda kadiri udongo wake unavyozaliwa.

Njia hii ilishajaribiwa kwa ngazi ya jiji. Mwaka 2004 mtaalamu wa Kijapani, Koji Takakura, alikwenda Surabaya, Indonesia, akatumia kapu la plastiki la nguo chafu lililozungushiwa boksi kwa ndani kuozesha taka za jikoni. Jiji likagawa makapu kwa kaya, likifanya kazi na vikundi vya akina mama mitaani, na jina la Takakura likawa jina la kapu lenyewe. Kapu lilikuwa la bei ndogo. Mafanikio yalitokana na mtu wa mtaani aliyepita nyumba kwa nyumba, akafungua mfuniko, akaonyesha kosa liko wapi.

Lipo jambo moja ambalo wapenzi wa bustani za vyombo hulikwepa, nalo ni mbu. Aedes aegypti, anayeeneza dengue na chikungunya, anapenda sana vyombo: tairi, kopo, sahani ya chini ya chungu. Anauma mchana. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, na maji yakirudi yanaanguliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takribani wiki moja. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Bustani ya vyombo isiyosimamiwa inaweza kumpa mbu huyo makazi zaidi ya jalala. Chombo chenye udongo na matundu hakina tatizo. Tatizo ni vile vinavyosubiri kupandwa, vimerundikwa nyuma ya choo vikikusanya mvua, na sahani za kuzuia maji yasimwagike. Chombo kisicho na kazi kiinamishwe au kiondoke. Sahani ijazwe mchanga. Tairi litobolewe chini, na juu pia.

Bustani hii inatoa nini? Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, matembele na sukuma wiki huchumwa miezi mfululizo, mnyanya mmoja unahitaji ndoo nzima. Haishibishi familia, na mashirika yanayoahidi hivyo yanawakosea watu. Inachofanya ni kuondoa ile hela ya mboga inayotoka kila jioni, na kuweka jani bichi kwenye sahani katika siku ambazo lisingekuwapo. Gharama yake kuu ni maji, na kwa anayenunua maji kwa ndoo hilo si dogo. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe. Ya kufulia yenye dawa ya madoa yasitumike.

Kwa upande wa sheria, Nairobi imetangulia: ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini tangu 2015, na sheria ya Kenya ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kutenga kunakuwa na maana pale tu kilichotengwa kinapokuwa na pa kwenda. Gari la taka likifika na kuchanganya kila kitu nyuma, aliyetenga anaonekana amejisumbua bure. Halmashauri zetu, Tanzania na Kenya, zingefanya jambo kubwa kwa fedha ndogo kama zingetoa maranda na majani yanayofagiliwa barabarani, yaliyotengwa na plastiki, yakawekwa kwenye ofisi ya mtaa wananchi wachukue, na zikamlipa mtu mmoja kila mtaa apite akikagua ndoo. Zingeweza pia kuwataka wauzaji wa pembejeo wapokee makopo ya viuatilifu yanaporudishwa, ili yasiendelee kuuzwa kama makopo ya kawaida.

Msomaji asisubiri hayo. Tafuta wiki hii ndoo moja yenye mfuniko kutoka kwa muoka mikate au mama ntilie unayemfahamu, umwulize ilibeba nini, uitoboe, uiinue juu ya matofali na uanze kuijaza. Mbegu za mchicha nunua ndoo hiyo itakapokuwa imekupa udongo.